Sauti ya kompyuta kwenye hom thieta

Zima vyombo vyote viwili, kisha vigeuze utazame mgongoni. Hom thieta ikiwa na tundu la HDMI (lile bapa la picha na sauti) lililoandikwa IN, una bahati: waya mmoja unabeba chaneli 8 za sauti au hata zaidi. Soma maandishi hayo vizuri. Mimi nilichomeka kwenye OUT, nikashinda jioni nzima nikiilaumu kompyuta isiyo na kosa.

Hakuna HDMI? Tumia waya wa optika, ule unaotoa mwanga mwekundu nchani. Unapitisha stirio, au 5.1 (spika tano na moja ya besi) iliyobanwa kwa mfumo wa Dolby Digital au DTS. Ukikosa huo, kuna wa pini ya milimita 3.5 wenye vichwa vya RCA, chekundu na cheupe. Ni stirio tu, ila kwa muziki unanitosha.

Washa, chagua tundu ulilotumia kwa rimoti. Kwenye Windows, bofya alama ya spika chini kulia, uchague hom thieta. Ukimya mwingi huanzia hapo. Kwa HDMI, weka pia mpangilio wa 5.1, la sivyo spika za nyuma zitabaki mapambo.