NBA: mchezaji anasainishwa kwao alafu anatrediwa (anabadilishwa kwenda timu nyingine) hapohapo, inakuaje?

Wanangu wa Mtwara mnaofuatilia NBA, kila mwaka soko likifunguliwa, saa saba usiku kuamkia Julai 1 kwa saa zetu, asubuhi yake vijiweni kuanzia Shangani mpaka Chikongola ni mabishano tu. Utasikia "si mkataba umeisha, si aende bure kama kwenye mpira wa miguu". Sio hivo, twende taratibu.

Kwanza angalia ni fri ejenti (mchezaji aliyemaliza mkataba) wa aina gani. Aliyefungwa, yaani ambaye timu yake bado ina haki ya kumshikilia, mara nyingi ni dogo wa raundi ya kwanza ya drafti (zoezi la timu kuchagua wachezaji wapya) aliyemaliza miaka yake minne ya mwanzo, na timu yake ikampa ofa ya mwaka mmoja ya kumshikilia kabla Juni haijaisha. Ofa hiyo ndo kamba yenyewe: timu nyingine ikimwekea dau mezani na yeye akasaini karatasi ya ofa, timu yake inaweza kufikia dau hilo na akabaki.

Sasa hapa ndo watu wengi wanachanganya. Akishasaini karatasi ya ofa, habari ya kusainishwa na kutrediwa imekufa. Deandre Ayton 2022 alisaini ofa ya Pacers, miaka 4 dola milioni 133, Suns, timu yake, wakafikia dau, na baada ya hapo kwa mwaka mzima hawakuruhusiwa kumpeleka Pacers, wala popote bila ridhaa yake. Kwahiyo dili la kutrediwa linapangwa KABLA ya karatasi.

Kwanini wahangaike? Kwasababu timu inayomtaka mara nyingi haina nafasi kwenye kikomo cha mishahara, ila timu yake inaruhusiwa kukivuka kumsainisha mtu wake. Basi inamsainisha, inamtuma, na yenyewe inapata chochote badala ya kubaki mikono mitupu. Bucks 2019 walimwachia Malcolm Brogdon aende Pacers wakapata piki (haki ya kuchagua mchezaji kwenye drafti) moja ya raundi ya kwanza na mbili za raundi ya pili, mi naona walifanya vizuri kuliko kumpoteza bure.

Masharti ya kukagua: mkataba uwe wa miaka mitatu au minne, mwaka wa kwanza hela yote iwe ya uhakika, na dili lifanyike kabla msimu haujaanza. Alafu timu inayompokea inafungwa kwenye aproni ya kwanza, yaani mstari mwingine wa mishahara ulio juu ya kile kikomo, msimu wa 2025-26 ni kama dola milioni 195.9, haivuki hata senti mpaka msimu uishe. Hili ndo linaua madili mengi.

Na kuna hesabu ngumu kidogo, tulia hapa. Tuseme dogo alikuwa analipwa milioni 8, sasa anapewa milioni 20, na timu yake iko juu ya kikomo. Ameongezewa zaidi ya asilimia 20, kwahiyo kwenye kulinganisha mishahara (ya wanaotoka na wanaoingia, isipishane sana) timu yake inahesabiwa ametoka na nusu ya mshahara mpya au mshahara wote wa zamani, ile iliyo kubwa, yaani milioni 10, wakati wanaompokea wanahesabiwa milioni 20 zote. Mizani haikai sawa, ndo maana unaona timu ya tatu inaitwa kusaidia, kama Lauri Markkanen 2021 alipotoka Bulls kwenda Cavaliers na Portland wakaingia katikati.

Mwisho mchezaji mwenyewe lazima akubali. Mwaka 2020 habari zilizagaa kwamba Bogdan Bogdanovic anatoka Kings kwenda Bucks kwa njia hii, dili likavunjika, akasaini karatasi ya ofa ya Hawks, miaka 4 milioni 72, Kings hawakufikia dau akaondoka, na Bucks wakanyang'anywa piki ya raundi ya pili kwa kuanza mazungumzo mapema. Kwahiyo ukiona tetesi usiku ule wa kwanza usikimbilie kubishana, subiri saini, na mikataba mingi inaanza kusainiwa rasmi Julai 6.