Birika la chuma likianza kutoa maji ya kutu

“Kama” (neno la Kijapani), yaani birika la chuma cha kusubu linalochemshia maji katika sherehe ya chai ya Kijapani, likianza kutoa maji mekundu, usilisugue ndani, kwa sababu kusugua huondoa utando unaolikinga. Lijaze maji kiasi cha robo tatu, tumbukiza kiganja cha majani ya chai ya kijani yaliyofungwa katika kitambaa safi (hata yaliyokwisha kutumika yanafaa), uchemshe kwa moto mdogo kwa dakika 20 hadi 30, kisha uyaache maji humo mpaka yapoe. Maji yatageuka meusi kama wino, na hiyo ni dalili njema: tanini ya chai (kemikali inayoipa chai ukakasi) imeshikana na chuma na kuacha ndani utando mweusi unaoizuia kutu isiendelee kuyeyuka. Mwaga, suuza, na urudie ikiwa maji bado yana rangi. Baada ya hapo, kila mara mwaga maji yangali moto na uache kifuniko wazi, ili joto lililobaki katika chuma likaushe unyevu wote. Ukoga mweupe wa chokaa uache ulivyo, kwani nao ni kinga. Njia hii haifai pale kutu inapobanduka magamba au chuma kinapovuja, kwani hapo anahitajika fundi. Wala haihusu mabuli madogo yaliyopakwa enameli (utando mgumu kama kioo) ndani, ambayo kwa kweli hayapaswi kuwekwa motoni kabisa.