Kubashiri stori unapoisoma, halafu kujikagua

Walimu wengi tukifika katikati ya stori tunauliza "mnadhani nini kitatokea?", watoto wanapiga kelele, tunaendelea kusoma, basi. Hiyo ni ramli tu, kazi yenyewe iko kwenye kurudi kukagua. Mi natumia Kima na Papa, ile iliyo ndani ya Punda wa Dobi, hadithi ya Zanzibar iliyochapwa tangu 1870.

Hatua 1: daftarini piga safu tatu. Nabashiri nini, kitu gani kwenye stori kimenifanya nidhani hivyo, imekuwaje. Hiyo ya kati usikubali iachwe wazi.

Hatua 2: chagua pa kusimama kabla hujaingia darasani. Ukisimama kila aya unaua utamu. Mi nasimama Papa anapomwalika Kima kwao, halafu wakiwa baharini Papa anapotoboa siri kwamba sultani wao anaumwa na dawa yake ni moyo wa kima.

Hatua 3: waandike kwanza ndo usome. Mtoto akisema "Papa atamla", muulize umeona wapi? Akijibu papa ni wakali hiyo katoa kichwani, sio mbaya ila mrudishe kwenye stori, siku zote Kima ndo anamrushia matunda, sasa mbona leo anaalikwa?

Hatua 4: soma, kagua, weka tiki, mkasi au "bado". Ufutio marufuku!! maana Kima akishasema moyo kauacha mtini utaona wote wanafuta haraka haraka ili waonekane walijua. Aliyekosa arudi juu atafute alipopitwa.

Sasa kuna wale wanaoijua stori tayari. Hao wapeleke kwa punda, ile stori Kima anayomsimulia Papa baadaye, wengi hawajafika huko. Simba anaumwa, sungura anamletea punda, simba anamrukia, punda anachomoka na majeraha. Simama hapo: atarudi? Karibu wote wanaandika harudi, na ushahidi wanao wa kutosha kabisa, halafu punda anarudi. Hapo usimkate mtu maksi, kukosea ukiwa na sababu nzuri ni tofauti na kubahatisha, we waulize tu sungura kamwambia nini mpaka akakubali.

Simama tena simba akishamuua punda, sungura akishakula moyo na masikio yake kisiri na simba anauliza viko wapi. Waandike jibu la sungura kimyakimya, akishasema mmoja kwa sauti wote wanaiga, ndo uwasomee: angekuwa navyo angerudi mara ya pili?