Namna ya Kumkinga Binti na Ukeketaji Msimu wa Desemba

Katika wilaya za Tarime na Serengeti mkoani Mara, mzazi asiyetaka binti yake akeketwe anapaswa kujiandaa kabla shule hazijafungwa. Wazee wa mila wakishatoa ruhusa kwa ukoo, mambo huenda haraka: ngoma zinalia, mabinti wanatembezwa barabarani wakiwa wamevishwa kanga na kushikiwa miavuli, noti zimebandikwa kifuani, na msichana wa miaka 12 aliyekuwa akikataa hadi jana anawaona wenzake wakishangiliwa, naye anaanza kutamani.

Anza na watu wa nyumbani, na usidhani kwamba baba peke yake ndiye mwenye uamuzi, kwa kuwa mara nyingi bibi na shangazi ndio wanaomwandaa binti na kumpeleka kwa ngariba. Usifungue mazungumzo kwa kutaja polisi. Waulize kwanza wanahofia nini. Watakuambia kwamba hataolewa, kwamba ng'ombe wa mahari watapungua, na kwamba ukweni ataitwa msagane, jina la dharau kwa asiyekeketwa. Hofu hizo ni za kweli kwao, kwa hiyo zijibu moja moja. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba mkoani Mara ni takriban wanawake 28 kati ya 100 waliokeketwa, na ingawa katika vijiji vya Wakurya idadi ni kubwa zaidi, bibi mwenyewe anaweza kukutajia wake za watu wa jirani ambao hawakukeketwa na nyumba zao zimesimama.

Kisha mwulize bibi uzazi wake wa kwanza ulikuwaje. Niliwahi kumwuliza mama mmoja mzee aliyekuwa akipepeta ulezi, akanisimulia kwamba alishikwa na uchungu siku mbili na mtoto akatoka amekufa, naye miaka yote aliamini kuwa ni mkosi. Nilipomweleza kwamba kovu halitanuki kama ngozi nzima, na kwamba huenda ndilo lililomchelewesha mtoto, aliuweka ungo chini, akakaa kimya muda mrefu, halafu akaniuliza kama hayo yanaweza kumpata mjukuu wake. Swali hilo lilifanya kazi kuliko hotuba yoyote niliyowahi kuisikia.

Ukiulizwa swali kama hilo, jibu bila kutia chumvi. Siku ile ile binti anaweza kuvuja damu hadi kufa, au kushindwa kukojoa kwa maumivu. Siku zinazofuata anaweza kupata usaha au pepopunda. Na miaka ya baadaye hufuatwa na makovu yanayovimba, maambukizi ya njia ya mkojo, na maumivu katika tendo la ndoa ambayo wengi huyaficha hata kwa waume zao. Utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliochapishwa mwaka 2006, uliohusisha zaidi ya wanawake 28,000 katika nchi 6 za Afrika, Kenya ikiwemo, ulionyesha kwamba waliokeketwa huongezewa hatari ya kujifungua kwa upasuaji, kutokwa na damu nyingi na kupoteza watoto wachanga. Kukeketwa na mwenye taaluma ya uuguzi hakubadilishi jambo, maana kinachokatwa ni kile kile. Wala kukeketa si dawa ya lawalawa, yaani muwasho wa sehemu za siri, kama wanavyoamini baadhi ya watu wa Dodoma na Singida wanaokeketa hata watoto wachanga. Muwasho huo hutibiwa kwa usafi na dawa za kituo cha afya.

Pamoja na mazungumzo, panga mahali binti atakapokuwa likizo nzima, na usimpeleke kwa ndugu ambaye hujui msimamo wake. Mfundishe namba 116 ya kuwasaidia watoto, ambayo hupigwa bila malipo, na njia ya kufika kwenye Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi. Zipo pia nyumba salama, kama vile kituo cha Masanga wilayani Tarime na nyumba iliyopo Mugumu, wilayani Serengeti. Sheria ya Tanzania ya mwaka 1998 inampa mzazi au mlezi anayemkeketesha binti wa chini ya miaka 18 kifungo cha miaka 5 hadi 15, na kumvusha mpaka hakusaidii, kwani Kenya nayo ina sheria yake tangu mwaka 2011. Kasoro kubwa ya sheria ya Tanzania ni huo umri wa miaka 18, unaomwacha mke kijana bila kinga anaposhinikizwa na ukweni.

Ikiwa binti amekwisha kukeketwa, usimlaumu wala kumficha kwa kuogopa kukamatwa. Mlaze, ukandamize jeraha kwa kitambaa safi bila kupaka majivu wala unga wa mitishamba, umfikishe kituo cha afya mara moja, na uulize kuhusu chanjo ya pepopunda. Akija kupata mimba, ahudhurie kliniki mapema na amwambie mkunga siku ya kwanza kabisa kwamba alikeketwa, ili apangiwe kujifungulia hospitali yenye chumba cha upasuaji.