Windows, Mac au Linux? Anza na unachofanya nyumbani

Watu wengi wanauliza ipi kali kati ya Windows, macOS na Linux, yaani mifumo inayoendesha kompyuta, mi naona hapo ndo tunapojichanganya. Chukua karatasi andika vitu unavyofanya kweli kwenye kompyuta kwa wiki nzima, sio vile unavyopanga kuja kufanya siku moja. Kama ni kuperuzi, kuangalia video, kuandika barua na kuprinti basi mfumo wowote utakutosha, ila kama kuna programu moja huwezi kuikosa, hiyo ndo inakuchagulia. Photoshop (ya kuhariri picha) kwa mfano haina toleo la Linux, we mtu wa Photoshop baki Windows au Mac, yaishe.

macOS inakuja na kompyuta za Apple tu, kwahiyo kama hununui Mac, iache. Ukiwa na iPhone lakini, vinaelewana sana.

Kasheshe ni kwa mwenye laptopu ya zamani. Sapoti ya kawaida ya Windows 10 iliisha 14 Oktoba 2025, mashine inawaka kama kawa ila kiusalama unazidi kuachwa nyuma. Windows 11 nayo inataka TPM 2.0 (kifaa cha usalama ndani ya mashine), RAM angalau GB 4 (kusema kweli kwa 4 utazeeka unasubiri, tafuta 8), diski GB 64, na prosesa isiwe ya kizamani. Kucheki TPM bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika tpm.msc, piga Enter, usome namba ya toleo. Ikikuambia haipo usiende kuuza laptopu bado, mara nyingi imezimwa tu kule kwenye BIOS, mipangilio ya mashine inayofunguka kabla Windows haijawaka.

Windows 11 ikigoma kabisa, jaribu Linux Mint, aina moja ya Linux, ni ya bure. Daunlodi faili la ISO (Mint nzima ndani ya faili moja), liandike kwenye fleshi ya GB 8 kwa kutumia programu ya Rufus (fleshi itafutwa yote, hamisha picha zako kwanza jamani), zima mashine, ukiwasha gongagonga F12, zingine ni F9 au Esc, halafu chagua fleshi. Mint itafunguka bila kugusa diski yako. Hapo usikimbilie kuinstoli, cheki Wi-Fi, sauti, kamera, funika laptopu uone kama ikifunuliwa inaamka, na printi karatasi moja. Mi niliruka hiyo ya printa kwa uvivu, nikaja kushtuka nimeshafuta Windows na printa haitambuliki, siku mbili nzima natafuta draiva (programu ya kuiendesha hiyo printa).

Ukiridhika, kopi mafaili yako yote kwenye diski ya nje ndo uinstoli. Word hutakuwa nayo, utatumia LibreOffice, programu ya bure inayofanana nayo, inafungua docx (mafaili ya Word) fresh tu ila mpangilio wa kurasa huwa unahama kidogo, kwahiyo ukimtumia mtu kitu kama CV mpe PDF.