Uheme Kiasi Gani? Ukali wa Mazoezi kwa Mwenye Usugu wa Insulini

Ninafundisha mazoezi watu wazima, wengi wao wana usugu wa insulini, na mimi mwenyewe ninao. Karibu kila anayeanza huniuliza: nikimbie au nitembee? Nami humuuliza: kesho kutwa utaweza kurudia?

Sina nia ya kumkwepa. Kwenye usugu huu kongosho hutoa insulini, homoni inayoamuru sukari itoke kwenye damu iingie kwenye seli, pengine kwa wingi kuliko kawaida, lakini misuli na ini haviitikii vizuri. Sasa, msuli unapofanya kazi una njia yake nyingine. Vibebeo vya sukari viitwavyo GLUT4, ambavyo ukiwa umepumzika husubiri amri ya insulini, hupanda kwenye utando wa seli hata bila amri hiyo, na sukari ikaingia. Zoezi likiisha, msuli hubaki mwepesi kuitikia insulini kwa saa 24 hadi 72, kisha nafuu hiyo hufifia. Ndiyo sababu wenye kisukari cha aina ya pili hushauriwa wasipitishe zaidi ya siku mbili mfululizo bila mazoezi. Zoezi la Jumamosi linalokulaza hadi Alhamisi, kwangu mimi, ni kali kupita kiasi, hata kama lilikutoa jasho la kujivunia.

Basi anza na pumzi. Tembea haraka kwa dakika kumi, halafu jaribu kuimba. Ukiimba bila shida, ongeza mwendo. Ukiweza kuongea sentensi nzima lakini wimbo unakatika, hapo ni ukali wa wastani. Ukitoa maneno mawili matatu na kulazimika kuvuta hewa, umefika ukali wa juu. Wengine huona haya kuimba mbele ya watu wakaimba kimoyomoyo. Hiyo haipimi kitu, sauti lazima itoke.

Wapenda hesabu wachukue 220, watoe umri wao, wapate mapigo ya juu kabisa ya moyo kwa dakika. Mwenye miaka 50 anapata 170. Ukali wa wastani ni kati ya asilimia 64 na 76 ya hapo, yaani mapigo 109 hadi 129 kwa dakika. Ni makadirio tu, na yana mtego: anayetumia dawa za presha za kundi la beta-bloka, kama atenololi, mapigo yake hayapandi inavyotarajiwa. Akifukuzia namba hizo atajiumiza bure. Huyo apime kwa pumzi.

Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za ukali wa wastani kwa wiki, au 75 hadi 150 za ukali wa juu, au mchanganyiko wake. Anayeanza simtishi kwa jumla hiyo. Namwambia atembee dakika kumi hadi kumi na tano baada ya mlo, wakati sukari ya chakula inapanda na misuli inaweza kuichukua. Kama kazi yako ni ya kukaa, simama ujinyooshe kila baada ya nusu saa.

Wiki kadhaa zikipita na mwendo ukawa mwepesi, tia vipande vikali: dakika moja ya kupanda mlima au ngazi hadi maneno yakatike, dakika mbili za polepole, mara nne. Ongeza mzunguko mmoja mmoja. Siku mbili au tatu kwa wiki zinatosha, zisifuatane.

Mazoezi ya nguvu ndiyo watu huyaruka, nami huyang'ang'ania. Misuli ndiyo inayopokea sehemu kubwa ya sukari baada ya kula, na mikubwa zaidi iko mapajani na makalioni, kwa hiyo anza na kuchuchumaa na kuinuka, au kukaa na kusimama kitini. Fanya mara 8 hadi 12. Mbili za mwisho ziwe nzito kweli, ila bado uzifanye kwa mkao sahihi. Toa pumzi unapoinua, usiibane. Siku mbili kwa wiki.

Wanaopima sukari wasishtuke ikipanda mara baada ya zoezi kali. Homoni iitwayo adrenalini huliambia ini limwage akiba yake ya sukari, na kwa kawaida sukari hiyo hushuka yenyewe baadaye. Zoezi la wastani mara nyingi huishusha. Anayetumia insulini au vidonge vya kisukari kama glibenklamidi ndiye wa kuangalia upande wa pili: sukari inaweza kushuka mno, hata saa kadhaa baadaye. Azungumze na daktari kuhusu dozi, apime kabla ya kuanza, na atembee na kitu chenye sukari mfukoni. Metformini, dawa nyingine ya kisukari, peke yake ni nadra kuleta shida hiyo.

Daktari akuone kwanza pia ikiwa una ugonjwa wa moyo, au kisukari kimeshagusa mishipa ya ndani ya macho, maana kujikaza kuinua uzito mkubwa kunaweza kusababisha damu kuvuja jichoni. Kifua kikibana, au kizunguzungu kikikushika, acha papo hapo na utafute msaada. Mwenye ganzi miguuni avae viatu vinavyomkaa vizuri, na kila akimaliza avue soksi akague nyayo na katikati ya vidole, kwa kuwa lengelenge asilolihisi linaweza kumnyima mazoezi kwa wiki nyingi.