Somo: jinsi ya kujua tangi lililozikwa linavuja (mafuta na kemikali)

Wadau wa Busia, Malaba, Kampala na nyie wa viwandani Namanve, somo hili ni la yeyote anayelinda tangi la chini ya ardhi. Tangi la juu likivuja utaliona, lililozikwa linanyamaza tu mpaka kisima cha jirani kianze kunuka petroli, halafu NEMA (mamlaka ya mazingira) wanafika. Namba nyingi hapa nimetoa kwenye sheria za EPA, shirika la mazingira la Marekani, maana wao wameziandika wazi, kwetu huku fuata masharti ya leseni yako.

HATUA YA 1: Dipu (pima kina cha mafuta kwa fimbo) kila asubuhi kabla pampu hazijafunguliwa. Tundu lilelile la kupimia, fimbo kavu, ishushe polepole isidunde, soma mara mbili. EPA wanataka usome mpaka inchi 1/8, yaani kama milimita 3, sio unakisia "hapa karibu na laini". Na kama tanka limetoka kushusha sasa hivi subiri yatulie kwanza.

HATUA YA 2: Tafuta maji. Paka ncha ya fimbo ile dawa inayobadilika rangi ikigusa maji. Marekani ni angalau mara moja kwa mwezi, mimi nasema msimu wa mvua fanya kila siku, hasa walio karibu na ziwa, kwa sababu maji ya ardhini yakipanda juu kuliko mafuta yaliyomo, tundu linalovuja halitoi mafuta nje bali linaingiza maji ndani, kwa hiyo vitabu vya hesabu vinaonekana vizuri kabisa kumbe tangi limetoboka.

HATUA YA 3: Hesabu. Dipu ya jana, jumlisha yaliyoshushwa, toa yaliyouzwa kwa mita. Linganisha na dipu ya leo. Zile lita 20 za kupima pampu zikirudishwa kwenye tangi ziandikwe, wengi wanasahau. Mwisho wa mwezi tofauti isizidi asilimia 1 ya mauzo na juu yake galoni 130, kama lita 492. Umeuza lita 60,000? Basi kikomo ni 600 + 492 = 1,092. Ukizidi, kagua vipimo na hesabu haraka, na mwezi unaofuata ukizidi tena hiyo unaripoti ndani ya saa 24.

Ila mimi naangalia mwelekeo kuliko kikomo. Leo pungufu 15, kesho zidio 10, keshokutwa pungufu 4, huo ni mkono wa binadamu. Pungufu kila siku bila hata siku moja ya zidio, hata kama ni lita 12 tu, hapo kuna kitu, usingoje mwezi uishe.

HATUA YA 4: Mabomba. Watu wanalaumu tangi wakati bomba ndio linavuja. Bomba la presha liwe na kifaa kinachoshika uvujaji wa galoni 3 kwa saa (lita 11 hivi) ndani ya saa moja, na kipimwe kila mwaka.

HATUA YA 5: Kemikali. Hapa fimbo haitoshi. Kwa tangi jipya la kemikali hatari EPA wanataka kuta mbili, na ile nafasi ya katikati ikaguliwe angalau kila siku 30, kwa sensa (kifaa kinachohisi majimaji) au kwa vakyumu (hewa ikinyonywa humo). Hata mabomba yake vilevile.

MASWALI

Mama Pampu: Mwalimu, ntajuaje ni tangi au ni vijana wangu wananiibia?
Jibu: Dada, dipu ukifunga usiku, piga kufuli, dipu tena asubuhi, rudia siku kadhaa. Yakishuka bila mauzo, ni tangi au kuna anayenyonya usiku. Usiku yakitulia na mchana yanapotea, angalia bomba likiwa na presha, mita ya pampu (UNBS, shirika la viwango la Uganda, wanazipima) na deliveri.

Kijana wa Tororo: lori linafika na jua kali, kesho yake napungukiwa, boss ananikata mshahara
Jibu: Petroli inasinyaa kama asilimia 0.1 kwa kila digrii ikipoa. Lita 10,000 zikipoa digrii 5 ni karibu lita 50 zimeondoka bila mwizi. Mwonyeshe boss hesabu hiyo, na uwe unaandika joto la mafuta kila deliveri.

Fundi Jinja: sisi tuna solventi (kemikali ya kuyeyushia), tangi la kuta mbili, sensa inalia kila mvua ikinyesha, tunaizima tu. Si ni maji tu?
Jibu: Ndugu yangu, ni maji, na yamefikaje katikati ya kuta mbili? Kifuniko cha sensa kinapitisha au ukuta wa nje umetoboka, sasa umebaki na ukuta mmoja. Solventi zenye klorini ni nzito kuliko maji, zinazama chini kabisa, hutaziona zikielea kisimani. Toa hayo maji, yapimwe, ita fundi wa matangi wiki hii, na huyo anayezima alamu mnyang'anye ufunguo.